Usingizi wa Mwanyumba

Chumba cha uani, nyuma ya karakana
Jumapili, nguo zikiwa bado kambani

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi, nyingi kuliko nguo nilizofua leo. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na kile kiuno chako, kimeacha kukusumbua au bado kinatabiri mvua? Wapwa zangu natumaini wanakua kwenda juu, si kupinda kama mjomba wao. Mimi mwili mzima. Moyo ndio ulioshika kutu.

Utakuwa umeshajiuliza kwa nini nafua mwenyewe. Wifi yako amehamia kwa mdogo wake, yule aliyeolewa na mlinzi wa jengo letu la kazini. Hatukupigana, wala hakuna mwanamke mwingine. Ingekuwa hivyo ningejua la kuomba radhi. Amechoka kula na hasira zangu. "Niliolewa na mwanamume," aliniambia akifunga mzigo, "sikuolewa na mkutano wa hadhara."

Chanzo ni lifti. Jengoni tunazo mbili, ya mbele ya wakubwa, ya nyuma ya mizigo na wafagiaji. Ya mbele iliungua mota ya mlango, spea haikuwepo, nikaamriwa nichomoe mota ya nyuma niihamishie mbele. Nikachomoa. Kisha nikapewa kibao nikitundike kule nyuma: LIFTI INATENGENEZWA. Dada, fundi ni mimi peke yangu, na siitengenezi. Akina mama wa usafi wanapanda ngazi na ndoo zao, na kila wakinipita, "Fundi, bado tu?"

Basi nikalieleza hilo mezani kwa mwanyumba wangu, huyo mlinzi, ambaye kwa upole wake tunamwita Shwari. Akacheka. "Mwanyumba, vidole havilingani. Na ngazi ni mazoezi! Wakubwa wenyewe wanalipia kwenda kupanda ngazi zisizofika popote." Wote wakaangua kicheko, wifi yako kuliko wote. Nikasema havilingani, sawa, lakini sijaona kidole gumba kikikinyang'anya kidole cha mwisho ukucha. "Sasa huo ukucha unaokuuma ni wa nani?" akaniuliza. Nikapandisha sauti. Chakula kikapoa.

Kinachoniudhi ni kwamba Shwari si mjinga. Anasimama mlangoni kutwa, kiti hapewi, na magoti yake yanalia kama bawaba. Lakini anaamini aliye juu alipanda kwa jasho lake, na aliye chini zamu yake inakuja. Ukishaamini hivyo, nini tena cha kukukera? Unakula, unacheka, unakoroma. Mimi nikiona tofauti naona mkono wa mtu, na safari hii mkono wenyewe ni wangu, na bisibisi.

Nimewachunguza wenzangu kazini. Wanaosema dunia iko sawa ndio wanaonenepa. Sisi wa "hii si haki" tuna vidonda vya tumbo, na vidonda vyetu havijamtua hata mama mmoja ndoo yake. Hapo ndipo ninapozidi kuchemka.

Jana nilikwenda kumchukua wifi yako. Niliapa sitatia neno. Nikala, nikasifu mchuzi. Mara Shwari akaanza kusimulia jinsi bosi alivyompa feni yake kuukuu: "Mtu mwema sana yule!" Nikauliza, kwa upole kabisa, kama inazunguka. Niliuliza tu, Dada. Haizunguki. Wifi yako akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sasa ameleta sharti. Nimwambie Shwari mbele ya wote kwamba amesema kweli, mambo yako sawa kama yalivyo, halafu yaishe. Nimejaribu mbele ya kioo. Sauti inatoka, uso unakataa.

Nakuomba umpigie simu wifi yako, wewe anakusikiliza. Mwambie nyumba imepoa, na chai ninayoipika hata mimi mwenyewe nainyima heshima. Mwambie mezani nitazungumza habari za mvua na harusi za watu. Lakini usimwambie nimekubali. Kunyamaza naweza kumpa. Kukubali sina.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako, na wapwa zangu wote, hasa yule kitinda mimba anayependa kubishana. Mabishano ayamalize kabla hajaoa.

Mungu akupe usingizi mzuri, Dada, bila kukunyima macho.

Wako akupendaye, anayekula peke yake,
Mdogo wako, Fundi