Wiki ya Kuvuna Ndengu

Kathonzweni,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Makueni. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Mutanu aliniambia kwamba umeacha kuteka maji mwenyewe, nami nikamshukuru Mungu, ingawa nakujua: dada akigeuka tu, unabeba mtungi. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi ndicho kimekataa kuhama, na usingizi ndio umehama.

Najua utashangaa kupata barua na simu zipo. Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe huanza kuniombea kabla sijafika katikati, nami nikishaombewa hushindwa kuendelea. Kwa hiyo nampa barua hii Muindi wa duka la mbegu, ambaye kesho atapita huko kwetu Matinyani. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Mutanu akusomee, maana neno likifika kwa Mutanu limeshafika kanisani.

Na ni jambo la kanisa lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia umemwomba mchungaji ibada ya shukrani Jumapili ijayo kwa ajili ya kupandishwa cheo kwangu, na kwamba yule jogoo mwekundu ameshafungwa kamba mguuni. Mwaitu, nakuomba uisimamishe hiyo ibada. Nitakueleza sababu polepole, kwa kuwa nimechoka na sitaki kuruka kitu.

Kazi yangu unaijua nusu. Wewe huwaambia watu kwamba mimi ni mwalimu wa walimu. Ukweli ni kwamba kaunti imenipa vituo arobaini na kimoja vya chekechea, rundo la fomu, na pikipiki ninayogawana na afisa wa mifugo. Siku yake ya kuchanja ng'ombe, watoto wangu hungoja. Nikifika kituoni natazama choo, tangi la maji na jiko la uji, kisha nahesabu watoto. Wakiwa chini ya ishirini, kituo hufungwa na watoto huhamishiwa kituo cha jirani.

Kila mtu analijua hilo, basi watoto huazimwa. Mwaka jana nilimhesabu msichana mmoja wa sweta ya njano katika vituo vitatu kwa siku mbili, na mara ya tatu aliniamkia kwa jina. Nilicheka njia nzima. Ofisini hawakucheka. Mkubwa wangu alisema mbele ya wenzangu wote kwamba ripoti zangu ni za huruma, na kwamba kila mwanamke mwenye mtoto wa kuazima ananichezea. Niliumia sana, wala sikukuambia.

Februari nikaenda kituo cha Mwalimu Kathini, ng'ambo ya mto wa mchanga. Ni mama mtu mzima, karibu kustaafu, anafundisha katika chumba cha mabati. Wazazi wa huko wanaishi kwa vibarua na vishamba vyao vidogo, lakini kila mama ana siku yake ya kupika uji na sijawahi kuona zamu imerukwa. Daftari lilikuwa na majina thelathini na manne. Darasani nilikuta watoto kumi na mmoja.

Mwalimu Kathini hakuwa ameazima hata mmoja. Alinifungulia daftari akanionyesha kwamba mbele ya majina ishirini na matatu hakuandika yupo wala hayupo, aliandika "shamba". Akanieleza kwa upole kwamba ndengu zimekauka, zikiachwa siku mbili zitapasuka zimwagike, na mama asiye na wa kumwachia mtoto humchukua aende naye. Akaniomba nirudi baada ya wiki moja, nitawakuta wote. Fomu yangu ina visanduku viwili tu, yupo na hayupo. Niliandika kumi na mmoja, nikawasha pikipiki.

Barua ya kukifunga kituo ilitoka Aprili. Watoto waliambiwa waende kituo cha pili, kilomita nne, kwa kuvuka mto. Tisa wakubwa wakubwa wanakwenda. Waliobaki wako nyumbani, na uji wao ulikoma siku ileile, kwa sababu sufuria na unga vilihamishwa. Juzi nilipita huko. Mwalimu Kathini bado hufagia kile chumba kila Jumatatu. Aliniambia kuna mtoto wa miaka minne, Kanini, ambaye hufika asubuhi na kikombe chake, akakaa mlangoni kidogo, kisha akarudi kwao. Aliniambia hayo bila kunilaumu, kisha akaniuliza kama wewe hujambo. Heri angenitukana. Mvua ya Novemba ikianza, mto utajaa, na hata wale tisa hawatavuka.

Ofisini ripoti ile ilisifiwa sana. Walisema hatimaye nimejifunza kuhesabu kwa haki. Cheo kilitoka hapo, Mwaitu.

Najua sasa unataka kuniambia kwamba nilifuata sheria na kosa si langu. Nami ndivyo nilivyojiambia tangu Februari. Lakini mficha uchi hazai. Ile wiki sikuiangukia kwa bahati mbaya. Niliichagua. Ulinilea kwa ndengu, nazijua zinapokauka kama ninavyojua siku ya Krismasi. Nilitaka ripoti moja yenye idadi ndogo, ili mkubwa wangu aone kwamba sichezewi tena. Na katika vituo vyote arobaini na kimoja nilimchagua Mwalimu Kathini, kwa sababu ndiye ambaye hangeazima mtoto, wala hangepiga kelele.

Kamati ya elimu ya kaunti inakaa Alhamisi kuamua kama vituo vilivyofungwa vitabaki hivyo. Jana niliwapelekea barua. Nimeandika kwamba hesabu ile ilifanywa wiki ya kuvuna, kwamba nilijua, na kwamba watoto ishirini na watatu walikuwa shamba. Nikaweka sahihi. Cheo kitaondoka, na huenda kazi nayo ikaondoka, basi jiandae kunipokea na mzigo. Naona aibu, Mwaitu, lakini jana nililala.

Nimekuwa nikikumbuka ulivyokuwa ukinilaza juu ya leso, kwenye kivuli cha mbaazi, huku ukivuna. Sijui mwalimu wangu alikuwa akiandika nini mbele ya jina langu siku hizo. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nikirudi nilikuta nafasi yangu kwenye mkeka, na kikombe changu kipo.

Nisalimie Mutanu na watoto wake, na jirani zetu wote wa kisimani. Mchungaji mwambie tu kwamba mwanao anaomba maombi ya kawaida, yale ya Jumatano. Jogoo mfungue kamba. Na goti usilibebeshe maji.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwongeli