Matanga ya Goti la Benedikto

Likunja, Ruangwa,
Tarehe 8 Novemba, 1953.

Kwa mdogo wangu Kipriani,
Bandarini, Lindi.

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi huku ni wazima. Korosho zimeanza kudondoka, mvua bado, na shemeji yako Fidelis ana kikohozi chake cha kila mwaka ambacho humzuia kushika jembe lakini hakijawahi kumzuia kula. Nataka kujua hali yako, ya mkeo Lusiana na ya watoto. Nasikia umenunua kofia mpya ya kizungu. Hongera. Kichwa hicho kilikuwa kinahitaji kitu.

Maneno yako aliniletea dereva wa lori la chumvi. Maskini, aliyasema huku anatazama chini, akiona aibu ambayo ingekufaa wewe. Alisema umeapa kwamba hutakanyaga kwangu, wala hutatuma hata kipande cha sabuni, mpaka umjue mtu aliyemwita Rabia aje uwanjani siku ya fainali, na kwamba mtu huyo lazima aje Lindi akupigie magoti. Haya. Jina nitakupa. Lakini kwanza utakaa chini usome, maana wewe umeyasikia haya kwa wacheza mpira wa bandarini wakikucheka, na mimi niliyaona kwa macho.

Mpwa wako Benedikto aliumia mwezi wa saba, katika mchezo wa kuingia fainali. Unajua anapaka grisi matrekta pale Nachingwea, na anaichezea Timu ya Karakana. Beki mmoja alimrukia, goti likageukia upande usio wake. Wenzake wakambeba pembeni, wakalifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, wakamsukuma uwanjani tena, naye akafunga goli. Watu wakapiga vigelegele. Ndivyo walivyo watu wa Nachingwea tangu mashamba ya karanga yalipoletwa. Waliona matingatinga yakiendeshwa usiku na mchana mpaka yanakufa, kisha yanatupwa porini yaote kutu, na sasa wanadhani hata mtoto wa mtu huendeshwa hivyo.

Alipofika nyumbani goti lilikuwa limevimba, suruali haipandi. Nikampandisha lori la mihogo mpaka hospitali ya misheni. Daktari alilibonyeza, akalikunja kidogo, mwanangu akauma mkono wake mwenyewe. Daktari akasema kuna kitu kimechanika ndani. Akilipumzisha mpaka mvua kubwa zipite, bila kukimbia na bila kubeba mzigo, litapona, na atalima hadi azeeke. Akilichezea mpira sasa, litakauka, atauburuta mguu huo mpaka kaburini. Hakusema labda. Sista akaturudia maneno hayo kwa Kimwera ili asiwepo mtu wa kusema kwamba hakuelewa.

Sasa njoo kwa Bwana Amri, katibu wa timu. Huyo ni karani wa bohari, mtu wa kuja, suruali yake imepigwa pasi hata inzi hathubutu kutua. Alifika hapa Likunja na sukari na shati jipya, akaketi kwenye kiti changu, akaanza kuniambia habari za heshima ya Nachingwea. Kombe, alisema, limetolewa na bwana mkubwa wa kizungu mwenyewe, na bwana mkubwa anaondoka mwisho wa mwaka, na ingekuwa aibu kombe lake liende Lindi. Nilimwuliza bwana mkubwa anaondoka na goti la nani. Akacheka kana kwamba nimetania. Akasema nisihofu, dresa wa kambi, yule mfunga vidonda, atamchoma Benedikto sindano kabla ya mchezo, hatasikia maumivu yoyote. Nikamwuliza kama hiyo sindano italifanya na goti lisijue kwamba linachanika. Hapo akaona mimi ni mwanamke mkaidi, akanigeuzia mgongo, akahamia kwa Fidelis.

Na Fidelis, mwanaume wa nyumba hii, alifanya nini? Alipokea sukari. Akapokea na shati. Kisha akasema kwamba yeye ni baba tu, mguu wa mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye neno ni mjomba, na mjomba yuko Lindi. Kwa hiyo karani akapata njia, na sukari haikurudi. Niliinywa kwenye chai kwa hasira mpaka ikaisha.

Kabla hajaondoka nilimwuliza Bwana Amri habari za Swalehe. Wewe unamkumbuka Swalehe, golikipa wao wa mwaka juzi, aliyevunjika mkono akaambiwa ajikaze mchezo mmoja tu. Walimbeba mabegani siku ile. Leo anauza maji kwa kopo pale sokoni Nachingwea, na mkono wake hauwezi kujikuna sikio. Karani alifikiri kidogo, akasema hamkumbuki vizuri. Kipriani, mtu huyo hununua maji kwa Swalehe kila siku anapotoka kazini.

Huyo ndiye aliyekuja kwako Lindi, nawe ukamkaribisha. Hukutuma mtu kuuliza daktari alisemaje. Hukupanda lori kuja kulitazama goti. Ulikuwa umekwisha kujisifu bandarini kwamba mpwa wako ndiye senta fowadi wa Nachingwea, na kwamba atawatia aibu vijana wenu wa makuli mbele ya mabwana zao. Sasa ungeyameza vipi maneno yako? Ukaona ni rahisi mtoto aumeze mguu wake. Ukamtuma dereva aseme, na nayaandika kama yalivyofika, kwamba wewe mjomba umeruhusu, acheze, mwanaume haulizwi goti.

Nilikubeba mgongoni wewe. Nilikufuta kamasi. Lakini kwa kuwa wewe ni mwanaume wa tumbo letu, neno lako lilipita juu yangu, juu ya daktari, juu ya sista, likamkalia mtoto kichwani. Nami ningefanya nini? Ningesimama mbele ya wazee niseme mjomba wa mwanangu ni mjinga? Wangeniuliza ni nani atamwozesha kijana huyo mjomba akimsusa, na hilo ni kweli, hata mimi nalijua. Kwa hiyo nilitwanga mihogo mpaka mchi ukapasuka.

Na Benedikto je? Aliitika. Alisema ndiyo mama, mjomba amesema, nitacheza. Alisema vile vile mbele ya karani, mbele ya baba yake, mbele ya vijana waliokuja kumwimbia hapa uani. Nilimdharau, Kipriani, mwanangu wa kumzaa. Nilimwita bendera. Nilimwambia kwamba vigelegele vimemlewesha kuliko tembo la mnazi, na akija kuburuta mguu asiniite nimpikie maji ya kukanda. Akainama tu. Wiki ya fainali akaniaga kwamba anarudi kambini Nachingwea, nami sikumsindikiza hata hadi kwenye mikorosho.

Siku yenyewe nilikwenda. Mama gani angebaki nyumbani? Uwanja ulijaa mpaka juu ya matanki ya mafuta. Wazungu walikuwa kwenye viti chini ya turubai, kombe liko mezani linang'aa. Nikamwona Benedikto anatoka na wenzake, goti limefungwa bandeji mpaka limekuwa nene kama paja, njumu mpya za timu miguuni, dresa anamfuata nyuma na kisanduku chake. Anatembea kama mtu anayekanyaga makaa. Bwana Amri anapiga makofi.

Ndipo tukasikia kilio. Kilio cha msiba kabisa. Umati ukapasuka, na akaingia Rabia wa Nambilanje.

Labda Lindi imekusahaulisha mtani ni nani, basi nikukumbushe. Ni huyu Rabia, mtani wa ukoo wetu, aliyelala ndani ya kaburi la mama yetu, akakataa kutoka mpaka ulipompa jogoo, nawe ukacheka machozi yakiwa bado usoni. Mtani hagombwi. Mtani haguswi. Anachokisema mtani, hata akimwambia chifu, kimesemwa na hakina kesi.

Alikuja na wanawake wenzake, nyuso zimepakwa majivu, wamebeba kitanda cha kamba. Juu ya kitanda wamelaza kipande cha mgomba kilichovishwa sanda ya merikani. Wakakiteremsha katikati ya uwanja, pale pale mpira unapowekwa. Rabia akatangaza, na sauti yake unaijua, kwamba huu ni mguu wa Benedikto, umefariki leo, umeuawa na mjomba wake aliye Lindi. Akaanza kuuiga. Alichechemea, akaanguka, akapiga teke hewani, akalia kama mbuzi. Kisha akakuiga wewe. Akavaa sufuria kichwani iwe kofia, akatembea kifua mbele, akasema yeye ni Kipriani wa bandarini, ana miguu miwili mizima, kwa hiyo ya wengine haimwumi. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Halafu akalala kando ya ule mgomba, akasema hainuki mpaka mjomba aje mwenyewe na jogoo kuikomboa maiti.

Refa akapuliza filimbi. Bwana Amri akamwamuru askari amwondoe mwanamke huyu. Askari ni mtoto wa Namungo, wa huku huku kwetu. Alijibu kwamba yeye ameajiriwa kukamata wezi, hakuajiriwa kushika mtani wa watu msibani. Karani akawageukia wachezaji wambebe wao. Hapo ndipo mtu wa kuja alipojua amekuja. Vijana wale, waliokuwa wamelewa kombe tangu mwezi wa saba, walirudi nyuma wote. Walisema mguu uliokwisha kuliliwa matanga hawachezi nao uwanja mmoja, mkosi wake utawapata na wao. Golikipa akavua glavu. Karani alikuwa amepata neno la baba, neno la mjomba, na neno la dresa, akadhani mlango umefungwa. Hakujua kuna dirisha.

Basi wakamtoa Benedikto, wakamwingiza mwingine. Rabia akamvua njumu palepale kwa haki ya mtani, ndipo akakubali kusogea kando. Lindi wakashinda mabao matatu. Bwana Amri hakumwambia mwanangu hata pole; alichoulizia ni njumu. Mwezi uliofuata alihamishwa, na sijasikia mtu yeyote aliyemlilia.

Kwa hiyo sasa tumefika kwenye jina unalolitaka. Najua umeweka langu mdomoni. Kijiji kizima kinadhani ni mimi, na nimewaacha wadhani, maana nimesalimiwa kwa heshima ambayo sijawahi kupata tangu niolewe. Lakini si mimi. Mimi akili hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa nimekasirika mno.

Dereva wako alipomaliza kusema, Benedikto alikuwa nyuma ya ukuta anabangua korosho. Akaingia jikoni, akasema andika jina langu, mama. Nikadhani anajitoa mhanga kwa ajili yangu, nikamwambia aache upuuzi. Ndipo akanieleza. Siku ile aliyoniaga anakwenda kambini, hakwenda kambini. Alidandia lori la kuni, akashuka njiani, akaishika njia ya Nambilanje akijikongoja kwa fimbo, na goti lile lile, amembeba kwapani yule kuku wake mwekundu aliyemlea tangu kifaranga. Nami nilikuwa nimemsingizia mwewe! Akampa Rabia kuku huyo. Akamwambia kwamba hawezi kumkatalia mjomba wake, hana ulimi huo, hakulelewa hivyo, lakini anataka kuja kutembea akiwa mzee. Akamwomba amzikie mguu ungali mzima. Na akamwomba amtukane na yeye bila huruma, asije mtu akashuku.

Mtoto wa tumbo langu mwenyewe, Kipriani, na sikumjua. Nilimwita bendera mtoto ambaye alikuwa anatafuta namna ya kukutii na kupona kwa wakati mmoja. Nililia jikoni mpaka mboga ikaungua. Wewe ulisema mwanaume haulizwi goti. Mwanaume katika habari hii ni mmoja, ana miaka kumi na tisa, na hakuwa Lindi.

Goti linaendelea vizuri. Uvimbe umekwisha. Njumu ziko kwa Rabia, moja imening'inizwa kwenye boriti, na ya pili kuku mwekundu anatagia ndani yake. Rabia anakusalimu sana na anasema hatampa mtu mwingine yeyote ila mjomba akija na jogoo wake.

Kuhusu kuja Lindi kukupigia magoti, nilimwuliza, akasema yuko tayari, kwa kuwa mjomba ameita. Lakini daktari amemkataza. Goti halijapata ruhusa ya kukunjwa hadi chini. Kwa hiyo ukitaka kupigiwa magoti itakubidi ungoje mvua zipite, au uje wewe huku na kofia yako, ulitazame goti, kisha useme mwenyewe ni nani apige.

Nisalimie Lusiana, mwambie vile vikapu alivyoomba viko tayari. Wabusu watoto. Fidelis anakusalimu, anauliza kama Lindi sukari ipo.

Naishia hapa kwa sababu Benedikto amekwisha kuvaa shati. Anaipeleka barua hii mwenyewe barabarani kwa dereva wako. Ameacha fimbo mlangoni.

Ni mimi dada yako niliyekubeba,
Albina