Kwa Mama Mastura, Mshonaji wa Hanbok za Ghubra

Mwaka umetimia, Mama, tangu Mola akuchukue alfajiri ile ya Ijumaa, na bado watu wanapiga simu nyumbani Bawshar, hapa Maskati, kuuliza nani atawashonea watoto wao.

Ulikuwa mtu wa sindano. Kofia zote za Baba ni kazi ya mkono wako. Lakini watu wa mtaa wa Ghubra walikujua kwa nguo ambazo hakuna hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kuzivaa. Ilianza kwa jirani yako wa zamani, Bi Soon-ja, Mkorea. Siku aliyohamia ulimpelekea vitumbua, naye akairudisha sahani na wali uliokunjwa kwa mwani. Mlizungumza Kiarabu, chake cha sokoni, chako cha Unguja, na mkacheka sana. Alipokufungulia kasha na kukuonyesha hanbok ya harusi yake, lile vazi lenye sketi pana inayofungwa juu ya kifua kwa utepe, wewe hukuisifu rangi. Uliigeuza ndani nje ukatazama mishono.

Tangu hapo, kila Wakorea na majirani walipoadhimisha siku ya sanaa zao pale ukumbini, wewe ndiye uliyewavisha watoto wa ngoma ya vipepeo, vile vya kujipepea: wa Kikorea, wa Kiomani, wa Kikenya.

"Mastura, wewe siku hizi mtu wa Mkunazini au wa Seoul?" Baba alikuwa akikutania.

"Mtu wako," ulimjibu. "Hebu nipishe nikate kitambaa."

Liko jambo moja ambalo Rawya, binti yako, ametuomba tuliandike.

Mwaka ule wa mwisho wako yeye ndiye aliyeshika maikrofoni. Wakubwa zake wa kazini walikaa mstari wa mbele. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia unawapanga watoto. Janggu, ngoma yao ya Kikorea, ikalia, vipepeo vikafunguka, na Hadeel, binti yake mwenyewe, alipozunguka, utepe ukaachia. Sketi ikamwangukia miguuni mbele ya watu wote. Ukumbi ukacheka. Rawya uso ulimwaka moto, na kabla hajafikiri, mdomo ulishasema: "Tusameheni jamani, fundi wetu wa Ruwi katuangusha."

Vichwa vikageuka. Nicholas, fundi cherehani wa Ruwi ambaye Wakorea wengi wa hapa humpelekea nguo zao, alikuwa amekaa pale pale na mkewe Velma. Hakuwa amezigusa nguo zile hata kwa pasi. Rawya alimwona akiinuka polepole, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Rawya naye akaendelea kutangaza.

Wewe kwa kelele za watoto hukusikia kitu. Ni Hadeel aliyekwambia, njiani kurudi nyumbani: "Bibi, kwani nguo yangu kashona fundi wa Ruwi? Mama kasema."

"Rawya," ukasema, "simamisha gari."

Mlirudi ukumbini mkakuta viti vimeshapangwa na watu wameondoka. Basi wiki nzima ulizunguka nyumba kwa nyumba. Wateja walikuwa wameshaanza kuviondoa vitambaa vyao kwa Nicholas. Ulibisha kila mlango: "Utepe ule nimeshona mimi, Mastura. Macho yangu hayaoni vizuri tena. Fundi hana kosa." Rawya alikuendesha, lakini hakushuka garini. Alikaa akiangalia usukani, akikuona unasimama juani na kujishtaki kwa watu wa umri wa wanao.

Usiku mmoja alikuja kukubusu mkono. Ulimwambia, "Mimi n'shakusamehe, mwanangu. Lakini mimi siye uliyemtaja. Nenda Ruwi."

Alikwenda. Nicholas aliizima cherehani yake akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, dada," alimwambia. "Lakini hukunisema hapa dukani, tukiwa wawili. Ulinisema kwa maikrofoni."

Rawya alipokusimulia, ulitikisa kichwa. "Haki yake. Mwakani utasimama useme. Mimi n'takuwepo, usiogope."

Hukuwepo, Mama. Siku ilipofika, Rawya alimwomba Bi Soon-ja maikrofoni kabla ngoma haijaanza. Alisema sketi ile ilishonwa na mama yake, kwamba alilijua hilo, na kwamba alimsingizia Nicholas kwa sababu aliona haya mbele ya wakubwa zake. Hakuna aliyepiga makofi. Nicholas alisimama kule nyuma, akasema, "Sasa nimepokea," akakaa. Kisha watoto wakacheza, na uzuri wa ngoma ile usingeusahau.

Usiku ule Rawya alikaa kwenye kitanda chako. Baba alimkuta pale. Rawya aliona haya hata kumtazama.

"Nimesema, Baba. Lakini mwaka ule ukumbi ulijaa. Safari hii hawakufika hata nusu. Wengine walishahama. Wanajua uongo wangu tu."

"Basi tuandike gazetini," Baba akasema. "Na jina lako lisifichwe."

Tumeandika, Mama. Yeyote aliyekuwepo Ghubra siku ile na akasikia jina la fundi likichafuliwa, na asikie na hili: kosa halikuwa lake. Na aliyekuwepo akacheka utepe wa Mama Mastura, ajue kwamba macho yale yalichoka kwa kuwavisha watoto wa wenzie.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Zahor; wanao Asaad, Shihab na Rawya; mjukuu wako Hadeel; na jirani yako Bi Soon-ja, anayekuombea kwa lugha yake.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema. Madhali tunapumua, Mama, hatutakusahau.