Jina Alilonyonya Mtoto

Malaba, Jumatano

Dada Velma,

Nisamehe nimekawia kuandika. Mtoto anaota meno, usingizi sina.

Jumapili alipewa jina. Mama mkwe alichovya kidole kwenye busaa, pombe ya kienyeji, akamwekea mdomoni huku akitaja marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Mtoto alinyonya alipotaja Ongodia.

"Mama, huyo si baba yake mtoto? Si yuko Lodwar na lori?" nikamuuliza.

"Mtoto amekubali, mama. Usimkatalie."

Mashangazi wakaangalia chini. Velma, pale hawaiti jina la aliye hai. Walijua, na mimi bado napiga pasi mashati yake nikidhani simu imekosa mtandao. Shemeji ndiye aliyenimalizia habari: lori lilitumbukia korongoni karibu na Marich, mwili haukuonekana, waliotafuta wakakata tamaa.

Mimi sijakata. Jumatatu napanda na mtoto mpaka Kitale, Kapenguria, halafu ile barabara ya milimani hadi kwako Ortum, jirani na Marich. Usinizuie. Kama nawe ulijua, tutaongea nikifika.

Kwa gari la Kitale nitumie sweta nzito ya mtoto na namba ya dereva anayeijua hiyo barabara. Huko niwekee kamba ndefu, na wanaume wawili wasioogopa kushuka korongoni.

Mdogo wako,
Petronilla