Viti vya Mheshimiwa

Kegonga, Jumatatu

Shemeji Mirumbe,

Huku mvua imekubali, mahindi yamefika magotini. Mama anauliza kama samaki wa Homa Bay wamekusahaulisha uji wa wimbi.

Kaka yako Elkana yuko Migori, kwenye bunge la kaunti. Siku hizi halali vizuri. Miaka tisa ya uwakilishi wa wadi, sijawahi kufungua lango asubuhi nisikute watu wakingoja shida zao zisikizwe. Tangu wiki jana benchi la langoni liko tupu. Anasema watu wako shambani. Mimi na yeye tunajua palizi imeisha.

Unavijua viti vyetu vya plastiki, vile vyenye jina lake mgongoni, vinavyoazimwa kila penye matanga. Ijumaa vijana walikuja kuvichukua, nikawapa bila kuuliza nani amefariki. Jana vilirudi. Juu ya kimoja nilikuta kofia mpya ya kampeni yenye picha yako na jina la wadi yetu.

Nimeificha kwenye pipa la unga. Leo Elkana amenipigia simu nikutengee chumba cha mbele, kwa sababu kampeni yake utaiongoza wewe.

Kitanda nimeshatandika. Njoo umwambie mwenyewe.

Mke wa kaka yako,
Damaris