Shikamoo Iliyoharibu Tukio

Mama mpendwa, shikamoo kutoka Chimwaga, kwenye upepo mkavu.

Jana niliwasindikiza wanafunzi wangu Ipagala, wakirekodi filamu fupi kwa simu. Juma, anayeigiza mjukuu mwenye hasira, alipaswa kumpita bibi bila kumwamkia. Kila alipoingia, ilimponyoka: “Shikamoo, bibi.” Naye bibi mwenye nyumba tuliyorekodia, aliyekubali kuigiza, akaitika: “Marahaba, mjukuu wangu! Umekula?”

“Juma, una hasira wewe!” alilalamika Neema, mwongozaji.

“Sasa nimpite hivihivi, mtu mzima?”

Jua likazama, tukio halijapatikana. Neema, akiwa karibu kulia, alikipandisha mtandaoni kipande hichohicho kilichoharibika, kiwe tangazo la filamu. Tangu hapo watazamaji wanaitikia kwa maandishi: marahaba.

Nimekirudia kukitazama mara nyingi kuliko usahihishaji wa kazi yao unavyohitaji. Nipigie, Mama, marahaba yako nataka kuisikia kwa sauti.

Mwanao, Yohana