Vigingi vya Namba Changamano

Ndama, Karagwe

Mama yangu,

Shikamoo. Baba mfikishie shikamoo yake. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Mimi mwili ni mzima. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni, nikirudi utasema umeletewa mtoto wa mtu mwingine. Moyo ndio mgonjwa. Nimemkosea mwenye nyumba wangu, Mama Koku, yule mjane anayenilisha kama mwanawe.

Ilianza na somo. Kidato cha sita wananihangaisha na namba changamano, zile zenye sehemu mbili, ya kweli na ya kufikirika. Kwenye grafu, ya kweli unaihesabu kulia au kushoto, ya kufikirika juu au chini, ukifika unaweka nukta. Basi! Lakini wao kila siku wanazigeuza. Nikasema nitawatembeza kwa miguu. Nyuma ya nyumba nikachora mistari miwili ya majivu, kila nukta iwe kigingi.

Vigingi sina. Jumapili, Mama Koku akiwa kanisani, nikaona vimiti vyembamba vya majani marefu vimesimama mstari kando ya kahawa. Nikadhani maua. Nikaving'oa vyote, nikakata majani. Wanafunzi walipofika mmoja akauliza, "Mwalimu, hivi umevitoa wapi?" Nikamjibu, "Wewe hesabu hatua." Wakatazamana, wakaanza kuhesabu. Na somo likanoga, mama! Kufikia jioni hakuna aliyekosea nukta.

Mama Koku aliporudi aliketi chini pale pale. "Yesu wangu! Mwalimu, umeng'oa omuramura!"

Kumbe huku mmea ule ndio mpaka. Kwetu tunachimba mtaro. Hapa marehemu mumewe na mdogo wake waliupanda mbele ya wazee wa ukoo, na huyo mdogo mtu anaitamani kahawa ya mjane siku zote. Mimi mgeni, nimefuta mpaka kwa mikono yangu.

Wazee wakaja. Mashimo yalishakanyagwa na wanafunzi, hayaonekani. Wakaniuliza vilisimama wapi. Kabla sijafungua mdomo Mama Koku akasema, "Atakapoonyesha mwalimu wa hesabu, mimi nimekubali." Nikaona aibu kusema sijui. Nikavuta kamba, nikanyoosha mstari kama niko ubaoni, nikapanda upya. Wazee wakanisifu. Nilibahatisha, mama.

Juzi nikamwona shemeji yake akichuma kahawa kwenye mibuni ambayo Mama Koku ndiye aliyekuwa akiipalilia. Nikamfuata Mama Koku jikoni, nikamwambia narudi kwa wazee nikaseme ukweli. Alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua macho. "Acha, mwanangu. Ukisema ulibahatisha, nani atakusikiliza darasani? Wewe kula."

Nikala. Mtu mzima na akili zangu, nikala! Tangu hapo namwonea haya hata kumsalimia asubuhi, na yeye ananisalimia kwanza.

Msalimie dada Faraja na mumewe, mwambie mtoto wao nitamletea kahawa ya kutafuna. Mjomba fundi seremala naye mpe salamu, na shangazi wa kwaya aniombee, sababu asiulize.

Mama, niambie, niende kwa wazee au nisiende? Jibu lako nalijua. Ndiyo maana nimekuandikia, sikuthubutu kukupigia simu.

Mwanao,
Ombeni